Mukono wa Firmin na Mikebe ya Ton

Wewe Mushauri wa redio,

Nakusalimia kwanza. Mimi sina tabia ya kuomba, watu wa Kalemie wanaonijua watakuambia, lakini leo naomba, na unijibu vizuri, usinijibu kwa kucheka kama ulivyomujibu yule mwanamuke wa Kabalo aliyefungia bwana yake ndani ya choo, juu mimi si mutu wa kuchekwa. Masomo yangu yalikomea darasa la pili kwa masela, wale watawa wa kike, baba akaniondoa nikaanike ndakala, samaki ndogo za ziwa, kwa hiyo ukikuta neno limepinda ulinyooshe wewe mwenye walilipia minerval, karo ya shule. Naitwa Philomène. Nimezaa, nimezika, nimelea wajukuu, na hakuna mutu amekwisha kunifundisha namna ya kulisha nyumba.

Mujukuu wangu Firmin, niliyemubeba mugongoni tangu mama yake alipokufa, alikuwa muvuvi wa taa, wale wanaotoka wakati hakuna mwezi, wanawasha taa juu ya maji na ndakala wanapanda wenyewe kwa mwanga kama watu wanaoitwa kwa jina. Kiangazi kilichopita mutumbwi ulirudi, taa ilirudi, wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walitafuta mupaka upande wa Moba, hawakuona hata kiatu. Akaacha Bertille, bibi yake wa ndoa, na mimba changa ambayo mimi peke yangu nilikuwa nimeiona, juu mimi sidanganywi na kitenge.

Sasa sikiliza muiko wetu, na usiudharau. Katika ukoo wetu, mutu akizama na maji yakakataa kumurudisha, sisi hatuli samaki ya ziwa, hata ndakala, hata muchuzi wake, mupaka maji yatoe kitu, hata kama ni mukanda wa suruali. Utajuaje samaki iliyo ndani ya sufuria yako ilikutana na nani kule chini? Hivi njo nilimuuliza jirani yangu Dorothée siku alipotuletea kipande cha sangala, akarudi nacho kwake ameshika mudomo, na watoto wake hawakula samaki juma zima.

Lakini sisi ni watu wa samaki, Mushauri. Bukari, ugali wetu, na maharagi kila siku ni chakula ya wafungwa na ya watu wasiokuwa na ndugu, na mimi sikutaka mutu apite mbele ya mulango wangu aone mimba ya Firmin inalelewa na maharagi. Télesphore, kaka mukubwa wa Firmin, njo alikuwa na dawa yake. Wakati Serikali ilipowanyanganya wageni magazini, maduka yao, na kuwapa wananchi, yeye alipata ya Mugreki mumoja, na nyuma yake depo ya kuwekea mali imejaa makarato, maboksi juu ya maboksi. Vitenge viliisha, sukari iliisha, sabuni iliisha, mikebe ya ton, yaani jodari, ikabaki vilevile, juu hapa Kalemie nani atanunua samaki ya ndani ya chuma na samaki ya kweli inaruka mbele ya macho yake? Mimi nikasema, angalia baraka ya Mungu, hii ni samaki ya maji mengine, inatoka bahari kubwa kule mbali, ile bahari haikumujua Firmin na Firmin hakuijua.

Kwa hiyo Bertille akala ton. Asubuhi na mukate, muchana na bukari, mangaribi tena, na akisema amechoka namushika kidevu kama mutoto na kumutia kinywani, juu mutu wa mimba hana akili, akili yake imeshuka tumboni. Watu wakaanza kuona wivu. Dorothée alisimama kwenye ua akapiga kelele: “Ee Mama Philomène! Nyumba ya wavuvi inakula samaki iliyokuja na treni! Kesho mutaosha miguu na limonade!” Nikamujibu: “Wivu wako haina mafuta, Dorothée. Hii yetu iko nayo.” Tulikula hivyo masika yote.

Tumbo lilipoanza kuonekana kwa watu, Bertille akaniambia, akiniita nyanya kwa luga yetu: “Nkambo, siafu wanatembea juu ya midomo yangu.” Nikaangalia, nikapangusa, hakuna siafu. Kisha ikashuka kwenye vidole. Anasema ni kama amevaa mikono ya mutu mwingine. Hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake, kikombe kinaanguka naye anaangalia kile kikombe kama hakikuwa chake. Anatembea akishika ukuta. Nikimuita nikiwa pembeni hanioni, mupaka nisimame mbele yake kabisa, kama mutu anayechungulia ndani ya bomba. Ulimi umekuwa muzito, na katika masikio yake, anasema, kuna maji, maji tu, maji yanaongea.

Muchana mumoja niliingia nikamukuta amekaa kwenye mukeka, mukono mumoja ameunyoosha pembeni, umefunguka, na anacheka polepole. Nikasema, Bertille, ni nini? Akasema: “Nyamaza, Nkambo, utamufukuza. Firmin ameshika vidole vyangu. Mukono wake uko baridi, lakini ni wake.” Mimi nimeosha maiti nyingi, Mushauri, na sijawahi kutoka ndani ya chumba kwa kurudi nyuma nyuma. Siku ile nilitoka hivyo.

Na tena kuna habari ya paka. Tulikuwa na paka yetu, kubwa, yenye kiburi kama mimi, yenye ililamba mikebe yote ya ile nyumba na ikakataa hata panya. Ilianza kutembea upande, miguu ya nyuma inacheza peke yake, inajigonga kwenye mulango wenye imepita tangu ilipozaliwa. Kisha asubuhi moja, mbele ya wanawake waliokuwa wanafua, ilishuka ufukoni, ikaingia ziwani, ikaendelea. Paka na maji! Haikulia, haikuogelea, ilitembea tu mupaka maji yakafunga juu ya kichwa. Wanawake waliacha nguo zao zinaelea. Dorothée alisema kwa sauti ndogo, na Dorothée hana sauti ndogo: “Imeitwa.” Tangu siku ile hakuna mutu anayepita karibu na ua wetu, watoto wanazunguka kwa nyuma, na hata wale waliokuwa wanatuonea wivu wanatuonea sasa huruma, kitu ambacho mimi sikubali.

Muzee Emile, mukubwa wa mitumbwi ya upande wetu, alikuja akakaa, akavua kofia, akasema: “Mama, huyu kijana hana kaburi, hana mahali pa kulala. Ameshika mukono wa bibi yake ili bibi amutoe majini, ao ili yeye amuingize. Lazima tuukate huo mushiko.” Anataka kumupeleka Bertille na mutumbwi mupaka mahali Firmin alipopotelea. Anangoja mwezi mweupe, wakati mitumbwi yote imelala ufukoni juu taa haziiti ndakala. Watamushusha majini mupaka shingoni, na tumbo lile la mwezi wa nane, amuambie Firmin niachilie, kisha watamuvuta. Nikasema, na mutoto? Akasema: “Mutoto pia ataachiliwa.” Sikupenda alivyolisema.

Bertille amekubali. Hakulia, hakukataa, amesukwa nywele, mafuta amepaka. Nilimuuliza, sasa ukifika pale utamuambia nini bwana yako? Nilitaka nisikie anasema niachilie. Yeye akaniangalia kwa ule mulango mudogo wa macho uliobaki, akasema: “Nitamuuliza kama kuna nafasi.”

Lopitalo sikumupeleka, usiniulize, mimi nimezalisha wanawake kuliko wale watoto wenye blauzi nyeupe. Nilimupa majani ya kuharisha ili kutoa uchafu, akaharisha mupaka akalegea, mukono wa Firmin haukutoka.

Na kitu kimoja sikuambia mutu, hata Télesphore. Mimi nakula mabaki ya ile mikebe, na mafuta yake nachovya bukari, chakula hakitupwi. Tangu siku nyingi midomo yangu pia ina siafu. Maandiko haya unayoona yanaruka si uzee, nimekuwa muzee zamani na mukono ulinyooka. Kama Firmin ananishika na mimi, nisiseme uongo, hainichukizi, mimi njo nilimufundisha kutembea, alinishika vidole hivi hivi. Lakini huyu aliye tumboni, yeye hajashika mukono wa mutu yeyote.

Wote wanangoja neno langu, juu nyumba ni yangu. Nikisema ndiyo, anapanda mutumbwi. Nimuache apande ao nimukataze? Nijibu kabla mwezi haujajaa. Na usicheke.

Ni mimi, Mama Philomène, Kalemie, upande wa wavuvi.


JIBU LA MUSHAURI

Mama Philomène, sicheki.

Bertille asipande ule mutumbwi. Naanza na hilo ili kama batri za redio yako zinakufa uwe umelisikia. Asipande mwezi huu wala mwezi mwingine. Barua yako nimeitoa chini ya zingine zote, wale wenye shida za wake wenza watanisamehe.

Pole kwa Firmin. Kukosa mutu ni kubaya, kukosa hata mwili wa kuzika ni kubaya zaidi, na sitakuambia usilie. Lakini sasa nyamaza kidogo unisikilize, wewe usiyefundishwa na mutu.

Nilichukua barua yako nikaenda kumusomea munganga mumoja wa lopitalo, bila kutaja jina lako. Alisikiliza akiandika mambo yake. Nilipofika kwa paka, akaweka kalamu chini. Akaniuliza: “Hawa watu wanakula samaki gani?” Nikamuambia ton, ya mukebe, asubuhi, muchana na mangaribi. Akaniomba nirudie.

Kuna kitu kinaitwa zebaki. Umekiona: ile maji ya fedha inayopanda ndani ya kipimo cha homa. Iko pia kidogo sana ndani ya bahari, haionekani, haina harufu. Samaki ndogo inakuwa nayo chembe. Samaki ya katikati inakula ndogo mia, inachukua chembe za zote. Ton ni mukubwa wa pale, anaishi miaka mingi na anakula wote. Wewe unaijua Zaire yetu, Mama: kila mudogo anamulipa mwenye yuko juu yake, na mwenye yuko juu kabisa njo tumbo limejaa. Kisha ukaja wewe juu ya ton, na ukamuweka Bertille juu yako, na mutoto juu ya wote. Moto hauiondoi zebaki. Mafuta hayaioshi. Mukebe hauna kosa, ungekula ton mubichi ingekuwa vilevile.

Mutu muzima akila mukebe mara moja kwa juma, hakuna neno. Wasikilizaji musianze kutupa chakula kwa woga. Lakini kila siku, mara tatu, masika yote, na mimba? Munganga alisema zebaki ikizidi inakwenda kukaa ndani ya mishipa na ubongo. Inaanza na siafu kwenye midomo. Inashuka kwenye vidole. Inapindisha mwendo, inafanya ulimi muzito, inajaza masikio, inafunga macho pembeni mupaka mutu anaona kama ndani ya bomba. Akasema hata wengine waliokula ile mikebe watasikia siafu, akiwa hajasikia bado mwisho wa barua yako, na mimi nilisikia nywele zinasimama.

Alinieleza pia habari ya Japani, kwenye ghuba moja ambako fabriki, kiwanda kimoja, ilimwaga hii sumu baharini. Samaki ziliimeza, na paka wakala samaki. Paka wa wavuvi walianza kucheza ngoma peke yao, wakaanguka baharini. Kisha ikafika kwa watu, na majirani wakaanza kuogopana nyumba kwa nyumba, kama wanavyozunguka ua wako sasa.

Munganga hakuapa. Hakumuona Bertille. Alisema kukosa damu na kukosa vitamini pia kunawasha vidole vya mutu wa mimba, na yawezekana yote yako pamoja. Njo maana anataka amuone. Lakini mimi si munganga, kwa hiyo naweza kukuuliza swali la kijinga. Firmin alizama kiangazi. Huu mukono haukuja kiangazi, ulikuja mikebe ilipokuwa imekwisha kuzoeleka. Ukamushika bibi yake, sawa. Ukakushika wewe nkambo yake, sawa. Na paka? Firmin alikuwa na undugu gani na paka, Mama Philomène, mupaka amuite ziwani mbele ya wanawake wanaofua?

Muiko wenu siudharau. Nina wangu pia. Lakini usiusingizie. Muiko ulikuambia muache samaki ya ziwa, ukanyamaza hapo. Haukuagiza ton. Ton uliagiza wewe, juu ya kuogopa Dorothée asione maharagi ndani ya sahani yako. Mutu wa mimba alikuambia amechoka, ukamushika kidevu. Mudomo ule ulikuwa unasema kweli nawe ukaufunga na kijiko. Basi, nimemaliza kugomba. Ulimupenda, ukamupa kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Sasa umupe maharagi.

Fanya hivi. Leo hii mikebe itoke ndani ya nyumba, na mafuta yake, hakuna kuchovya. Mupikie maharagi, sombe ya majani ya muhogo, karanga, mayai, na Télesphore achinje kuku, mwenye magazini hakosi kuku. Samaki ya ziwa ngojeni mupaka wazee wenu waufungue muiko, hilo si kazi yangu. Majani ya kuharisha usimupe tena kabisa, utamutoa maji na nguvu na utamuitisha mutoto kabla ya wakati. Zebaki haitoki kwa kuharisha. Inatoka polepole yenyewe, miezi kwa miezi, mukisha kuacha kuila, kwa hiyo usiangalie vidole vyake keshokutwa ukasema Mushauri alidanganya.

Mupeleke lopitalo, azalie kule. Beba mukebe mumoja mutupu uwaonyeshe, na useme kweli yote: mara ngapi, tangu lini, na yale majani. Wale watoto wenye blauzi nyeupe hawawezi kutibu kiburi, lakini wanaweza kusikiliza moyo wa mutoto. Na mutoto akizaliwa, kama anachelewa kukaa, kuchelewa kusema, ao hageuki akiitwa, mumurudishe lopitalo haraka. Yule atakayemuita mutoto wa mufu, wewe unayo mikono na unayo kinywa, unajua la kufanya.

Télesphore, kama unasikiliza, usiwauzie ile mikebe wanawake wa mimba kwa makarato, wala wenye watoto wadogo, hata kama depo imejaa mupaka dari.

Sasa jambo ambalo wewe Mama ulilipita mbio, na mimi lilinitisha kuliko paka. “Nitamuuliza kama kuna nafasi.” Hiyo si zebaki. Hiyo ni bibi kijana aliyechoka kubaki peke yake, amesukwa nywele tayari kwa safari. Asikae peke yake hata kidogo, si kisimani, si ufukoni, si chooni. Lala naye mukeka mumoja. Mama yake, popote alipo, aitwe aje. Mumuache amutaje Firmin akitaka, mumujibu, musimuambie nyamaza. Na maneno yale umuambie munganga kama alivyoyasema, bila kuyapunguza kwa haya.

Na wewe Papa Emile, najua redio iko ufukoni na najua unasikia. Ulivua kofia, ulikuja kwa heshima. Ukitaka kumuita Firmin, muite kutoka muchangani, wazee wote mukiwa na miguu mikavu, mutoe maua, mutoe pombe, mulie. Lakini ukiingiza tumbo la mwezi wa nane ndani ya ziwa, Kalemie nzima sasa imesikia jina lako.

Kama watakuambia Firmin atakasirika, Mama Philomène, uwajibu kwamba mufu anaweza kungoja. Mimba haingoji. Ondokeni asubuhi. Na ukifika lopitalo usibaki mulangoni kama musindikizaji: ingia, keti, uwaonyeshe vidole vyako pia, juu na wewe uliila.